Namna ya kuchagua implanti za maziwa zitakazokaa kama maziwa yako mwenyewe

Nimelala kwenye kitanda cha opresheni mara mbili kwa sababu ya kifua hiki hiki, kuwekewa implanti, yani vile vifuko vinavopachikwa ndani ya kifua kukuza maziwa. Mara ya kwanza nilitoka na kitu ambacho kila nikijifunga kanga naona ukingo wake umetokeza kwapani, mara ya pili ndo nikapata nilichokuwa nakitaka tokea siku ya kwanza. Kwahiyo haya ni maneno ya mtu aloyapita, na nayaandika mana haipiti wiki bila ya shoga yangu mmoja kuniuliza kwenye Wasap "umeweka cc ngapi na mie niweke hizo hizo", yani ujazo wa implanti, cc moja ni sawa na ml moja, na jawabu nnayompa kila mmoja ni ile ile, usianze na cc, anza na kifua chako.

Mie n'na watoto watatu, wote wamenyonya mpaka miaka miwili, na nilipomwachisha wa mwisho hapakuwa na maziwa tena, palibaki ngozi. Nikakusanya pesa, nikaenda nje, nikaingia kliniki moja inang'ara kila pembe, daktari akaniuliza nataka kama nani, nikamwonesha picha kwenye simu, akaitazama akasema 375. Ndo basi. Hakuweka futi kifuani, hakunifinya ngozi, hakuniuliza kama bado nazaa. Ziwa langu lina upana wa sentimita 11 na nusu na implanti alizoniwekea zilikuwa na upana wa 13 na ushei, sasa wewe chukua mto wa mtu mzima uusokomeze kwenye foronya ya mtoto uone unavokaa. Nikivaa baibui hamna anojua kitu, ila nyumbani na dera, au nikilala chali, yalikuwa yamesimama kama mabakuli mawili yalofudikizwa. Nilikaa nayo miaka miwili nikayatoa.

Daktari wa pili, huyu nilimfuata India, alikaa na mie karibu saa nzima na kalipa yake mkononi, kile kifaa cha kupimia upana na unene, na hakutaja namba hata moja mpaka amalize kupima. Alonifundisha siku ile ndo haya.

Cha kwanza ni upana. Simama mbele ya kioo bila sidiria, tazama ziwa linaanzia wapi upande wa kati wa kifua na linaishia wapi upande wa kwapa, halafu pima moja kwa moja kutoka hapa mpaka pale, yani futi isifuate mviringo wa ziwa, inyooke kama unapima mlango. Hiyo ndo nyumba yako. Implanti inatakiwa iingie ndani ya nyumba hiyo, na kawaida iwe pungufu kidogo, nusu sentimita hivi au zaidi, kwa sababu nyama yako mwenyewe nayo inataka nafasi. Ikizidi lazima itafute pa kwenda, ikienda kati maziwa yanakutana na ile nafasi ya kifuani inapotea, ikienda pembeni ndo yale yangu ya kwapani, mkono ukiushusha unagusa kitu. Wengine tuna vifua vyembamba, kwahiyo mtu akikwambia 400 bila ya kukupima inuka uondoke.

Baada ya upana ndo inakuja cc, na hapa wengi hawaelewi kwamba 250 si kitu kimoja. 250 inaweza kuwa pana na bapa, na inaweza kuwa nyembamba imechomoza mbele kama kikombe, ujazo ule ule. Viwanda vinatengeneza za mchomozo mdogo, wa kati na mkubwa, na daktari akishajua upana wako anatafuta mchomozo unaofaa ndani ya upana huo, hapo cc inajitokeza yenyewe. Kwa mtu anotaka asijulikane, mara nyingi ni ule wa kati. Mchomozo mkubwa unajaza sana juu na ndo unaoleta ile sura ya mpira, ingawa mtu mwenye kifua chembamba sana anaweza kuuhitaji kidogo. Mie nilonazo sasa ni 240 zenye upana wa 11.2, na dada yangu wa tumbo moja ambae tunapishana sidiria hakujua mpaka nilipomwambia.

Watu huuliza pia kikombe kimoja cha sidiria ni cc ngapi. Madaktari wengi hukwambia kati ya 150 na 200, ila hiyo ni ya kukadiria tu, kwanza mwenye kifua kipana atahitaji zaidi kuliko mwembamba, na sidiria zenyewe tunazonunua Darajani hii C hii ni B ya duka la pili, kwahiyo usimwambie daktari "nataka D" ukadhani mmeelewana.

Picha nazo zina ilimu yake. Usipeleke picha ya msanii, muombe daktari akuoneshe wateja wake ambao kifua chao kabla ya opresheni kinafanana na chako, na uzione za mwaka mmoja baadae, si za wiki ya pili, na za ubavuni, mana kwa mbele kila kitu kinapendeza, ubavuni ndo unaona ukweli. Ziwa la asili ukilitazama ubavuni limeteremka taratibu kutoka kwenye kifua, kama mteremko, halafu linajaa chini. Kuna daktari wa Uingereza, Patrick Mallucci, alichunguza maziwa ambayo watu huyaona mazuri akakuta kwamba juu ya chuchu ni kama asilimia 45 na chini ya chuchu 55, na chuchu imeangalia juu kidogo. Kwahiyo ukiona kwenye picha juu kumejaa kuliko chini, hiyo si ya asili hata ikiwa inapendeza kwenye nguo. Mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo, "sitaki kujaa juu", ataelewa haraka kuliko ukimwambia "natural".

Kitu cha pili anachopima ni unene wa nyama. Anafinya sehemu ya juu ya ziwa kwa vidole, kama unavofinya shavu la mtoto, anapima ile aloishika. Ikiwa chini ya sentimita 2, basi implanti ikiwekwa juu ya msuli ukingo wake utaonekana, na mikunjo midogo midogo kama ya maji yanavotikisika utaiona kwenye ngozi ukiinama. Hapo inabidi iingie chini ya msuli wa kifua, msuli unakuwa kama shuka ya kufunika. Faida nyengine ya chini ya msuli ni kwamba lile ganda ambalo mwili hulijenga kuizunguka implanti hukaza kwa watu wachache zaidi, na mamografia, yani picha ya eksirei ya maziwa, inasomeka vizuri zaidi.

Lakini msuli nao una lake. Nilipokuwa na zile za mwanzo, ambazo zilikuwa chini ya msuli, nilikaa kwenye mbuzi siku moja nakuna nazi ya wali, mtoto wangu wa kati ananiangalia, akasema mama mbona kifua kinacheza? Nikatazama chini. Kila nikisukuma kifuu kwenye meno ya mbuzi msuli unakaza na ziwa linaruka juu na kwenda pembeni, juu na pembeni, kila mkuno. Nililia siku ile wallahi, na baadae nkajua kwamba hilo ni jambo linajulikana, msuli ukikaza unaibana implanti, na anaekuna nazi, anaekanda mikate, anaefua kwa mkono, anaebeba ndoo, anautumia msuli ule kutwa nzima. Kwahiyo mwambie daktari kazi zako za kila siku, usione haya. Siku hizi madaktari wengi wanafanya nusu kwa nusu, juu implanti inafunikwa na msuli na chini inaachiwa ikae nyuma ya nyama ya ziwa, ndo niliyofanyiwa mara ya pili. Kucheza kupo kidogo ukitafuta kwa macho, ila mtoto hajauliza tena. Na kama una nyama ya kutosha, kuiweka juu ya msuli hakuna tatizo, maumivu ni madogo na ziwa halichezi.

Sasa aina. Za silikoni ni jeli, ukizishika zinakaribia nyama, za maji ya chumvi ni ngumu kidogo na kwa mtu mwembamba mikunjo inaonekana zaidi. Za maji zikipasuka utajua haraka, siku hiyo hiyo au ndani ya siku chache, ziwa linanywea na maji yale hayadhuru. Silikoni inaweza kupasuka na wewe ukawa hujui kitu, ndo mana zinahitaji kupigwa picha kila baada ya muda. Kwa sura ya asili mie nakwambia silikoni, na jeli ya ugumu wa kati, mana laini sana inakunjana na ngumu sana haiteremki ukilala chali, na ziwa la asili ukilala chali linamwagika kidogo ubavuni.

Umbo, kuna za duara na za tone, yani zilizochongwa nyembamba juu na nene chini. Watu husikia tone wakasema hiyo ndo ya asili, lakini ya duara yenye jeli nzuri ukisimama inajivuta chini yenyewe ikakaa kama tone, na ikizunguka ndani hakuna anaejua mana ni duara. Ya tone ikizunguka umeharibikiwa na sura, ndo mana hutengenezwa na uso wa kukwaruza ili ishike mahali pake, na hapo kwenye kukwaruza ndo nataka utulie unisome vizuri. Kuna saratani ya nadra ya mfumo wa limfu ambayo hutokea kwenye lile ganda la kuzunguka implanti, na karibu wote waloipata walikuwa na implanti za uso wa kukwaruza. Ufaransa walizipiga marufuku zile za kukwaruza sana mwezi wa Aprili 2019, na Julai mwaka ule ule kampuni ya Allergan ikaziondoa sokoni za aina yake ya Biocell dunia nzima. Mie ni za duara na uso laini, na ndo nnachomshauri kila mtu. Na hata ukiweka laini, ziwa likivimba ghafla miaka baadae usikae unakanda na maji moto, nenda ukapigwe ultrasaundi.

Kabla hujafika mbali jaribu hiki nyumbani. Chukua kalamu uweke chini ya ziwa, pale kwenye mkunjo, uangalie chuchu iko wapi. Kama chuchu iko juu ya kalamu, implanti peke yake inaweza kutosha. Kama iko sawa na kalamu au imeshuka chini, implanti haitolinyanyua ziwa, itakaa juu mahali pake na nyama yako itaning'inia mbele yake, unakuwa na vitu viwili. Hapo unahitaji kunyanyuliwa, na kunyanyuliwa kuna makovu yake, kuzunguka chuchu na mstari wa kushuka chini. Baada ya kunyonyesha wengi wetu tuko hapa, na madaktari wengine hawasemi mana implanti peke yake ni kazi rahisi.

Na jaribu mchele, hili ndo nnalolipenda kuliko yote. Chukua jagi la kupimia la keki, lile lenye mistari ya ml, pima mchele 200, utie kwenye soksi ya nailoni, funga fundo, ubonyeze uwe bapa upande mmoja, fanya na ya pili. Vaa sidiria ya michezo yenye kubana, weka ndani, halafu usisimame kwenye kioo dakika mbili ukasema nimeona. Vaa kutwa. Mie nilivaa nikapika, nikafagia ua, nikapanda daladala mpaka Darajani, nikarudi na mfuko wa samaki. Siku ya pili nikatia 250, siku ya tatu 300, na ile ya 300 saa tisa mchana mabega yalikuwa yananiuma na nguo zangu za kushonesha hazifungi kifuani. Ndani ya mwili, hasa chini ya msuli, huonekana dogo kidogo kuliko mchele unavoonesha, kwahiyo ukiangukia kati ya mbili daktari anaweza kukupandisha hatua moja, lakini ndani ya upana wako, hapo usikubali kutoka. Kama yako hayalingani, na ya wanawake wengi hayalingani, tia ujazo tofauti kila upande, daktari nae anaweza kuweka tofauti.

Kovu uliza litakuwa wapi. Chini kwenye mkunjo wa ziwa ndo pazuri kwa wengi, linajificha, na mifereji ya maziwa haiguswi sana. La kuzunguka chuchu linaweza kuharibu kunyonyesha na kupoteza hisia, mwenye nia ya kuzaa tena aliepuke. Na kama unazaa tena mie nakwambia subiri, mana mimba na kunyonyesha vitabadilisha kila ulichokilipia. Ukishaachisha nyonyo kaa kama miezi sita ziwa litulie ndo upimwe.

Mafuta ya mwilini kuhamishiwa kwenye maziwa nayo ni njia, hakuna kitu kigeni kinachobaki ndani, ila mengine mwili unayanyonya na hayakupi zaidi ya kikombe kimoja cha sidiria hivi. Kwa anotaka kidogo tu ni nzuri. Sindano za silikoni ya maji zinazouzwa kwa simu, na krimu za kukuza, usiguse. Ile silikoni inatembea mwilini, inafanya mabonge, na kuitoa haitoki yote.

Mie suala la dini nililiuliza kabla, na wewe muulize sheikh unaemuamini kabla hujalipa. Maulamaa wanatenganisha kurudisha kilichoharibika kwa maradhi au ajali, au kuondoa kasoro, na kubadilisha umbo kwa urembo tu, na wengi hili la mwisho wanalikataza. Alokatwa ziwa kwa saratani hali yake ni nyengine kabisa na asijisikie vibaya hata kidogo.

Ukishachagua, uliza jina la kiwanda na uliandike. Ufaransa kulikuwa na kampuni ya PIP, ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani isiyo ya kitabibu, ikaja kufungwa 2010 baada ya kuuza nchi nyingi na mwenyewe akahukumiwa jela, na wanawake waliohangaika zaidi ni wale wasiojua wamewekewa nini. Uliza daktari wa usingizi ni nani na kama yupo chumbani muda wote. Uliza atafanya nini implanti ikileta tatizo mwaka wa tatu na wewe uko Unguja au Pemba, na nani atalipa. Na ujue kwamba si za maisha, mamlaka ya dawa ya Marekani inasema mpaka mwanamke mmoja katika watano walowekewa kwa urembo huzitoa ndani ya miaka 8 mpaka 10, kwahiyo pesa ya opresheni ya pili ianze kuwekwa mapema. Kama umefika 40 piga mamografia kabla, ili baadae wawe na cha kulinganisha.

Sigara na shisha acha angalau wiki nne kabla na nne baada, kidonda hakifungi vizuri na ganda hukaza. Kama unaweza kuchagua wakati, nenda ili urudi nyumbani kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, mana utavaa sidiria ya kubana usiku na mchana na jua la kaskazi litakuwashia kovu. Ndege usipande kabla ya siku 5 mpaka 7, damu inaweza kuganda miguuni, na ukipanda inuka utembee.

Ukijitazama siku ya kwanza utaogopa. Yatakuwa juu sana, magumu, yanang'aa, moja limevimba kuliko jengine. Hivo ndo yanavoanza, yanateremka na kulainika taratibu ndani ya miezi mitatu mpaka sita, usimhukumu daktari kabla ya hapo. Mie kilichonishinda ni sujudi, kifua kikielekea chini uzito wote unavuta mbele, nkasali kwenye kiti wiki sita. Ndoo na mtoto usinyanyue muda huo huo, na kulala ni chali na mito mgongoni. Nazi nilimwachia binti yangu mkubwa miezi miwili.

Ila ziwa mojawapo likiwa gumu kama jiwe miezi baadae, au umbo likabadilika, au likauma upya, hilo ni ganda linakaza, rudi kwa daktari. Na hata kama huumwi, silikoni ipigwe ultrasaundi au MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, mwaka wa tano au wa sita, halafu kila miaka miwili au mitatu. Siku ya mamografia mwambie anaepiga kabla hajakubana kwamba una implanti, kuna namna anazisukuma nyuma.

Utapewa kadi ndogo, moja ya pande zote mbili au mbili za kushoto na kulia, zina jina la kiwanda, saizi na namba ya kila implanti. Usitoke hospitali bila ya hizo. Zangu nimezipiga picha nikamtumia dada yangu, na zenyewe ziko ndani ya pasipoti.